Nilifukuza Mafuta Jikoni, Mtoto Ndiye Aliyelipa

Muuguzi wa kliniki aliishika kadi ya mwanangu kwa mikono miwili, akaiinua usawa wa dirisha kana kwamba mwanga ungembadilishia alichokiona. Nukta za miezi mitano zilikuwa zimelala. Hazijashuka sana, zimelala tu: miezi 16 kilo 9.9, miezi 18 kilo 9.9, miezi 21 kilo 9.8. Bado alikuwa kwenye kijani, na kijani hicho ndicho kilichonidanganya muda wote.

"Mama, usiangalie rangi, angalia mstari. Huu ulitakiwa upande. Mtoto anakula nini?"

"Anakula tunachokula sisi."

"Na nyie mnakula nini?"

Nikaanza kumtajia, na sitawaficha, nilitaja kwa majivuno. Maharage ya kuchemsha. Mchicha wa kuchemsha. Kuku asiye na ngozi. Yai, ule weupe tu. Maziwa yaliyoondolewa mafuta. Uji wa mahindi bila karanga. Chapati na vitumbua tulishasahau. "Kwetu mafuta tumeacha, dada. Miezi mitano sasa."

Muuguzi akaiweka kadi mezani polepole. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye benchi akasema, kwa sauti ya kutosha nisikie: "Makubwa."

Tulifikaje huko? Kaka wa mume wangu alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 51. Tulimzika Iramba, na tuliporudi Dar es Salaam mume wangu, aliyekuwa na 46, akaenda kupima. Lehemu, yaani kolesteroli, yote kwa jumla ilikuwa 6.4, wakati karatasi ya maabara ilionyesha isizidi 5.2. Ile wanayoiita lehemu mbaya, LDL, ilikuwa 4.3. Trigliseridi, yaani mafuta yanayozunguka kwenye damu, 1.9. Daktari alikuwa na foleni ndefu. Alimwandikia dawa, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu, na akatoa ushauri wa maneno mawili: punguza mafuta.

Yeye alisema punguza. Mimi nikasikia ondoa.

Nilifunga kibwebwe kweli. Dumu la mawese ambalo mama yangu alinitumia kutoka Ujiji nilimpa jirani. Siagi ya karanga ikaenda kwa dada wa kazi wa ghorofa ya chini. Nazi nikaacha kununua. Chupa ya mafuta ya kupikia ilibaki kabatini kwa ajili ya wageni, na wageni wenyewe wakaanza kupungua, nadhani walionja mboga wakaambiana. Nilikuwa na hofu ya mjane mtarajiwa, nisieleweke vibaya. Kila nikiona kitu kinang'aa kwenye sahani nilimwona shemeji yangu kwenye jeneza.

Mwezi huohuo nikamwachisha mtoto ziwa. Alikuwa na miezi 16, kazini kulikuwa na safari za mikoani, nikaona wakati umefika. Mambo haya mawili sikuyaunganisha kichwani hata mara moja. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba karibu nusu ya nguvu anayoipata mtoto kwenye maziwa ya mama inatokana na mafuta. Kwa hiyo kwa mkono mmoja nilimfungia bomba la mafuta la kifuani, na kwa mkono mwingine lile la jikoni.

Ngozi ndiyo iliyoanza kusema. Kwanza viwiko na magoti vilipauka. Kisha miguu ikapata vimagamba vidogo, ukimkuna jioni unabaki na unga mweupe kwenye kucha. Nywele zikawa kavu na chache, hasa nyuma ya kichwa. Alikuwa anakunywa maji kuliko kawaida, akiamka usiku anaonyesha kikombe. Nilimpaka mafuta ya mgando asubuhi na usiku, mafuta nje, ndani nimemnyima. Duka la kwanza la dawa waliniambia ni fangasi, la pili wakasema ni pumu ya ngozi. Nilinunua krimu tatu, jumla 38,000, na moja nikagundua baadaye ina steroidi kali ambayo haikupaswa kupakwa kwenye ngozi ya mtoto bila daktari kumwona. Ukiona mtoto anapauka mwili mzima na uzito wake umesimama, usianzie duka la dawa. Anzia kwenye mizani.

Muuguzi alituandikia rufaa. Daktari wa watoto aliagiza wingi wa damu, malaria, choo na mkojo. Damu ilikuwa imeshuka kidogo, minyoo hakuna. Akaniuliza maswali yaleyale ya chakula, ila yeye aliandika. Alipomaliza akaigeuzia karatasi kwangu na kuniambia, "Huyu mtoto ana njaa. Anashiba, lakini ana njaa."

Alieleza hivi. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Gramu moja ya wanga inampa kaloria 4, gramu moja ya mafuta inampa 9. Ukimwondolea mafuta inabidi ale bakuli mbili ili apate alichokuwa akikipata kwenye moja, na bakuli la pili haliingii. Hilo ni la kwanza na ndilo kubwa zaidi. La pili ni kwamba mafuta si ya nguvu tu. Mwili unaweza kujitengenezea mafuta mengi kutokana na wanga, ndiyo maana mtu ananenepa kwa ugali na soda. Lakini kuna asidi mafuta mbili ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzitengeneza: asidi ya linoleiki, ambayo ni mama wa kundi la omega-6, na asidi ya alfa-linoleniki, mama wa omega-3. Hizi usipozila huna. Linoleiki inaingia kwenye ukuta wa ngozi unaozuia maji yasivuje kutoka mwilini. Kundi la omega-3, hasa ile inayoitwa DHA, ni sehemu ya ubongo na ya pazia la nyuma ya jicho, na ubongo wa mtoto unakua kwa kasi kubwa katika miaka miwili ya mwanzo.

Nikamuuliza, kwa hiyo ngozi yake ni ukosefu wa asidi mafuta? Jibu lake nililithamini, sikuwa nimezoea daktari anayejibu hivyo. "Siwezi kukuapia. Kuna kipimo cha damu cha hilo, hapa hatuna. Inaweza kuwa zinki pia, inaweza kuwa vyote. Upungufu kamili ni nadra. Lakini dawa yake yote iko jikoni kwako, tusipoteze muda kuutafutia jina." Vilevile alinikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulijua: mtoto wa chini ya miaka miwili hapunguziwi mafuta kwa sababu ya lehemu ya baba yake.

Usiku ule sikulala, nilisoma. Nikakutana na habari ya George Burr na mkewe Mildred, wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani. Mwaka 1929 waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa, lakini chenye vitamini zote zilizojulikana wakati ule. Panya wakaacha kukua. Mikia ikapata magamba. Wakawa wanakunywa maji mengi lakini hawakojoi ipasavyo, kwa sababu maji yalikuwa yakipotea kupitia ngozi. Mwishowe wakafa. Matone machache ya mafuta yenye linoleiki yaliwaponya wale waliokuwa bado hai, na mwaka 1930 hao wawili ndio walioziita asidi mafuta muhimu. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini mafuta ni kuni tu, ukikosa kuni hizi utachoma nyingine.

Nilirudia ile sentensi ya maji. Kikombe cha usiku.

Nikaendelea, bora ningelala. Mwaka 1963 Arild Hansen na wenzake wa Texas walichapisha utafiti wa watoto wachanga zaidi ya 400 waliolishwa maziwa ya aina tofauti. Wale waliopata maziwa yasiyo na mafuta, ambayo hayana linoleiki ya maana, walipata ngozi kavu, nene, yenye magamba. Walipoongezewa linoleiki ikapona. Maziwa yasiyo na mafuta! Kopo lake lilikuwa juu ya friji yangu, limeandikwa kwa herufi za bluu kuwa ni rafiki wa moyo. Nikazima simu.

Kosa langu lililofuata lilikuwa la mtu mwenye hatia na kadi ya benki. Asubuhi nilikwenda duka la dawa kununua omega-3. Kopo la vidonge 60, shilingi 65,000, mbele kumeandikwa miligramu 1,000 kwa maandishi makubwa. Nikawaza: baba kimoja, mtoto nusu. Kidonge chenyewe ni kifuko laini kikubwa kama mbegu ya ukwaju, mtoto hawezi kukimeza, kwa hiyo nilikitoboa kwa sindano na kukikamulia kwenye uji. Uji ulinuka kama ndoo ya muuza samaki saa kumi jioni. Akaonja kijiko kimoja, akanitazama kwa jicho la kusalitiwa, akafunga mdomo. Siku tatu hakutaka uji wowote, hata usio na kitu. Yaani nilifanikiwa kumpunguzia chakula mtoto ambaye tatizo lake ni chakula.

Wiki ya pili nikapata miadi na afisa lishe wa hospitali ya wilaya. Nilikwenda na kopo langu. Huyu mama namshukuru hadi leo. Hakunicheka, alilizungusha tu kopo upande wa nyuma, akaweka kucha kwenye maandishi madogo: EPA 180, DHA 120. "Hizi mbili ndizo omega-3 ulizozifuata. Jumlisha." 300. Zile 1,000 ni uzito wa mafuta yote ya samaki yaliyomo, omega-3 yenyewe haifiki theluthi. Kila anayenunua vidonge hivi na asome nyuma, asisome mbele. Halafu atoboe kimoja anuse: kikiwa na harufu kali ya kukera, mafuta yamekwisha kuharibika, hata kama tarehe bado. Cha kwangu nadhani kilikuwa hivyo, sijui kilikaa wapi juani kabla ya kufika dukani.

Akanionya jambo lingine ambalo lingeniponza: mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki ni vitu viwili. Ya ini yana vitamini A nyingi. Mtoto anayepewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, ukimmiminia na mafuta ya ini kwa kukadiria kwa jicho, unaweza kumzidishia, na vitamini A ikizidi ni sumu. Na mtu mzima anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari wake kabla ya kuanza vidonge hivi.

Kisha akachukua kalamu. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti ni kama gramu 4 na nusu, kaloria 40. Zaidi ya nusu yake huwa ni linoleiki, tuseme gramu 2 na nusu. Viwango vya Marekani kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ni karibu gramu 7 za linoleiki kwa siku na gramu 0.7 za alfa-linoleniki. Kwa hiyo kijiko kimoja kwenye uji wa asubuhi, kimoja kwenye mboga ya mchana, karanga zilizosagwa jioni, upande mmoja umemaliza. Mafuta yanawekwa uji ukishaepuliwa, unakoroga, unampa. Siku ile niliandika kwenye daftari: "vijiko viwili". Miezi sita ya kuhangaika, na tofauti ilikuwa vijiko viwili vya chai na kiganja cha karanga. Karanga zichambuliwe moja moja, yenye ukungu au iliyosinyaa itupwe, kwa sababu ya sumukuvu, na kwa mtoto mdogo zisagwe laini zisije zikampalia.

Lakini alizeti, na hili nilikuwa silijui, karibu haina omega-3. Karanga hivyohivyo. Ufuta nao ni omega-6. Mawese yangu ya Ujiji yana linoleiki kama asilimia 10 tu, sehemu kubwa ni mafuta magumu na ya oleiki, ambayo si omega-6 wala omega-3, na nazi ndiyo kabisa, linoleiki yake ni kiasi cha asilimia 2. Unaweza kuwa na nyumba inayoogelea kwenye mafuta bado ikakosa upande mmoja. Alinisimulia kisa kinachojulikana sana kwa watu wa lishe, kilichoandikwa mwaka 1982 na Ralph Holman na wenzake: msichana wa miaka sita aliyejeruhiwa kwa risasi tumboni, akawa analishwa kwa mshipa. Mafuta yaliyokuwa kwenye dripu yalikuwa na linoleiki tele, ila omega-3 kidogo mno. Baada ya miezi mitano akaanza kufa ganzi, kukosa nguvu za miguu, kuona ukungu. Walipobadilisha wakaweka mafuta ya soya, ambayo yana alfa-linoleniki, dalili zikaondoka.

Nikauliza, basi ninunue mbegu za kitani, zile zenye alfa-linoleniki nyingi? Nilishazinunua, kumbe ndilo kosa la tatu, gramu 250 kwa 14,000. Mume wangu alikuwa anazinyunyizia kwenye mtindi nzimanzima. Zilipita zilivyo na kutoka zilivyo, samahani kwa wanaosoma huku wanakula. Lazima zisagwe, na zikisagwa zisikae, maana mafuta yake yanaharibika upesi na kutoa harufu ya rangi ya kupaka mlango. Hata ukizisaga vizuri, alfa-linoleniki ya mimea inabidi mwili uigeuze kuwa EPA na DHA, na mwili wetu ni mvivu kwa kazi hiyo: sehemu ndogo tu inageuka EPA, na DHA inayopatikana mara nyingi haifiki hata asilimia moja. Tena vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo ndivyo vinavyoshughulikia na omega-6, kwa hiyo zinagombania mlango mmoja. Njia fupi ni kula samaki, ambaye kazi hiyo imekwisha kufanyika ndani yake.

"Mama wewe ni mtu wa wapi?" akaniuliza.

"Kigoma."

Akacheka sasa. Mimi, mtoto wa Ujiji, niliyekuzwa kwa dagaa, nimekaa mbele yake na kopo la mafuta ya samaki la 65,000.

Wakati huo mama mkwe wangu alishafika kutoka Iramba kumwona mjukuu. Alimpakata, akampapasa mgongo, akasema, "Mbona ngozi kama ya kenge?" Hakuna aliyejibu. Yeye amekulia karibu na ziwa Kitangiri, dogo, la mkoa wa Singida, na alikuja na samaki wakavu kwenye kikapu na chupa mbili za alizeti ya kukamua. Nilizipokea nikaziweka chini ya meza. Alielewa. Siku ya pili akapika mwenyewe, hakuniomba ruhusa. Mwanawe alikula sahani mbili bila kunitazama.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa maziwa ya wanawake wanaokula samaki wa ziwa hilohilo la Kitangiri, na maziwa yao yalikutwa na DHA nyingi pamoja na asidi ya arakidoniki nyingi, ile ya upande wa omega-6, kiasi kwamba watafiti walihoji kama viwango vya akina mama hao visingefaa kuwa kigezo cha kutengenezea maziwa ya kopo. Nilimsomea mama mkwe. Akauliza waliwalipa kiasi gani hao wanawake kwa maziwa yao. Sikuwa na jibu.

Utafiti mwingine, wa 2016, uliwahusu watoto wa Tanzania wa miaka 2 hadi 6: waliokuwa na linoleiki ndogo kwenye damu ndio waliokuwa wamedumaa zaidi. Haithibitishi kwamba mafuta ndiyo yaliyowadumaza, mtoto asiyepata mafuta mara nyingi amekosa na mengine mengi. Ila kwangu ilitosha.

Kuhusu dagaa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponiuliza. Nunua wanaong'aa rangi ya fedha. Ukiona ubavu umegeuka njano au kahawia na ukinusa kuna ukali unaopanda puani, mafuta yameshachacha. Omega-3 ni nyepesi kuharibika kwa jua na hewa, na ndizo ulizozifuata. Waulize wameanikwa wapi. Waliokaushwa kwenye chanja hawana mchanga, wale wa chini utawaosha maji matano na bado utasikia kokoto jinoni. Kwa mtoto natoa vichwa na matumbo kwa sababu ya uchungu, naosha kwa maji ya uvuguvugu, nawakausha kwenye kikaango kwa moto mdogo mpaka wavunjike kwa vidole, wasiungue. Nasaga. Unga wake unakaa kwenye kopo dogo la kioo ndani ya friji, kidogo kidogo, wa wiki mbili. Nilianza na nusu kijiko kwenye mboga ya matembele, sio kwenye uji, uji tulishauharibia jina. Wenye chumvi loweka kwanza umwage maji. Na kiini cha yai nilikirudisha. Nilikuwa nakitupa kwenye sinki, ndani yake mna kiasi cha DHA na mambo mengine kibao.

Miezi minne baadaye, akiwa na miezi 25, mizani ilisoma kilo 11.1. Miguu ilishalainika mapema, kama wiki ya tano au ya sita, na kikombe cha usiku kikaisha chenyewe. Damu ilipanda pia. Sisemi ni dagaa, sisemi ni alizeti. Alikula zaidi, basi, na alichokula kilikuwa na kila kitu.

Na baba yake? Hapa pana aibu ya aina nyingine. Miezi miwili ya kwanza alipungua kilo 5 na watu wakampongeza. Kumbe jioni alikuwa anarudi na njaa ya simba, anakula mkate nusu na soda, nami nilimwachia kwa kuwa mkate hauna mafuta. Kipimo cha miezi mitatu aliahirisha, alikwenda mwezi wa sita: LDL imeshuka, kwa dawa zaidi kuliko kwa mateso yangu, lakini trigliseridi imepanda kutoka 1.9 hadi 2.8. Daktari, safari hii hakuwa na foleni, alieleza kwamba ukiondoa mafuta ukajaza nafasi yake kwa wanga mweupe na sukari, ini linageuza kile kilichozidi kuwa trigliseridi. Alichotakiwa ni kubadilisha mafuta, si kuyafuta: yale yanayoganda yapungue, ya alizeti au soya yashike nafasi yake kwa kipimo, samaki mara mbili kwa wiki. Mawese sikukatazwa, niliambiwa yawe ya siku moja moja, si ya kila chungu.

Vidonge je? Alisema tumalizie kopo tukitaka, ila tusinunue jingine kwa matumaini ya kuzuia kiharusi. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya majaribio mawili makubwa, VITAL ya Marekani yenye watu 25,871 na ASCEND ya Uingereza yenye watu 15,480 wenye kisukari. Gramu moja ya mafuta ya samaki kwa siku haikuonyesha kupunguza kwa uhakika jumla ya mishtuko ya moyo na viharusi. Dozi kubwa za kushusha trigliseridi zipo, za kuandikiwa na daktari, na nazo zina madhara yake, ikiwemo mapigo ya moyo kwenda ovyo. Kile kiwango cha mtu mzima kilichopendekezwa na wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2008, angalau gramu 0.25 za EPA na DHA kwa siku, samaki hao wa mara mbili kwa wiki wanakifikia bila kopo.

Nikipiga hesabu, krimu 38,000, kopo 65,000, kitani 14,000, vipimo na kumwona daktari wa watoto 90,000 na ushee, nauli sijaweka. Zaidi ya laki mbili. Alizeti na dagaa vya kutosha mwezi mzima vilinigharimu chini ya elfu thelathini. Ukinunua alizeti ile ya pembeni ya barabara kuu Singida au Dodoma, usichukue chupa zilizopangwa mbele juani kuvutia magari. Mwombe muuzaji akutolee iliyo ndani, kivulini, na nyumbani iweke kabatini mbali na jiko.

Siku hizi kuna chungu kimoja lakini sahani ni mbili. Ya mtoto inaongezewa kijiko pembeni, ya baba haiongezewi. Mtoto ana miaka mitatu sasa na anachagua vichwa vya dagaa nikisahau kuvitoa, anavipanga ukingoni mwa sahani mmoja mmoja, wametazama upande mmoja. Baba yake vipimo vyake vya mwisho vilikuwa vizuri, ila juzi nikifua nimekuta mfuko wa chipsi mayai kwenye suruali ya kazini, una alama ya mafuta kubwa kama kiganja. Nimeuanika kwenye kamba pamoja na suruali yake. Bado hajasema kitu.